Vibeti wa Clive Shacklock

Clive Shacklock aliingia mgodi wa makaa ya mawe wa Skelby, Uingereza, akiwa na miaka kumi na sita, kama baba yake na babu yake, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Alikuwa mrefu kuliko ilivyofaa kwa kazi ile. Alitembea chini ya ardhi ameinama kwa miaka ishirini na moja, mgongo ukazoea, na alipokuja kuwa dereva wa basi la shule watoto walimwita Ndoano. Yeye hakujali. Ni mtu asiyejali mengi, au asiyeonyesha.

Aliyemtia kwenye habari ya vibeti ni Neville Allsop, fundi wa mitambo wa zamu yao, aliyemzidi miaka minne. Jumamosi moja ya mwaka 1982 Nev alirudi kutoka Nottingham na mfuko wa karatasi, akaumwaga juu ya meza ya jikoni kwa Clive. Vilitoka vinyago kumi na viwili vya madini ya risasi, kila kimoja kifupi kuliko kidole gumba: wanaume wanene, ndevu hadi mkandani, shoka begani.

"Hawa ndio nini?" aliuliza Glenys, mke wa Clive.

"Vibeti," Nev akasema. "Wanakaa chini ya milima. Wanachimba, wanakunywa bia, wanagombana."

"Kwa hiyo ni nyinyi."

"Ni sisi, bata wangu, ila wao wanapata dhahabu."

Huku kwetu kila mtu ni bata, mwanamke kwa mwanamume, na hakuna anayecheka.

Ulikuwa mchezo wa vita vya kubuni. Majeshi mawili hupangwa mezani, watu hupima mwendo kwa rula, na dadu huamua nani amekufa. Lakini kabla ya kucheza lazima jeshi lipakwe rangi, kinyago kimoja kimoja, na kila kinyago kigandishwe juu ya kitako chake, kipande cha plastiki cha mraba kinachotengenezwa kifanane na ardhi. Hapo ndipo mtu humaliza miaka yake. Clive na Nev waliamua kuunda jeshi moja la vibeti mia mbili, na kazi wakaigawa bila kujadiliana. Clive alikuwa na mkono wa rangi. Nev hakuwa nao, lakini alikuwa na subira ya vitako. Aliokota makaa ya unga kwenye kilima cha taka za mgodi, akayachekecha kwa soksi ya nailoni ya mkewe, akayamwaga juu ya gundi. Yakikauka aliyapitishia brashi kavu yenye rangi ya kijivu kidogo sana, mpaka kila punje ikaonekana. Baadhi ya vitako alivitandikia reli za njiti za kiberiti. Mtu akitazama alikuwa haoni plastiki; alikuwa anaona sakafu ya mgodi.

Kibeti akishamalizwa na Clive alikwenda kwa Nev, na akishapata kitako alibaki huko huko akikauka, kwa kuwa Nev alikuwa na rafu. Kufikia mwanzo wa 1984 sitini na wanne walikuwa wamesimama kwenye rafu ya Nev.

Mwezi wa tatu mwaka ule mgomo wa wachimbaji, wa kupinga migodi kufungwa, ukaanza. Sehemu nyingine za nchi migodi ilisimama. Nottinghamshire, mkoa wetu, wengi waliendelea na kazi, wakisema kura ya nchi nzima haikupigwa. Skelby ilikuwa na wanaume mia tisa, na waliogoma ni kama hamsini. Nev alikuwa mmojawao. Asubuhi ya Jumatatu alisimama langoni na wenzake, na Clive alipokaribia akamwita kwa sauti ya kawaida.

"Geuka, Clive."

"Watu wote wa mtaa wangu wameshaingia, Nev."

"Sijakuuliza mtaa. Nakuuliza wewe."

Clive alitazama viatu vyake, kisha akaingia. Kesho yake Nev hakumwita. Aliyemwita alikuwa mtu mwingine, na jina alilomwita lilikuwa msaliti.

Jumapili moja ya mwezi wa sita Glenys alifungua mlango kuchukua maziwa, akakuta mfuko wa mkate juu ya ngazi, umefungwa kwa kamba. Ndani walikuwa vibeti sitini na wanne. Vitako havikuwemo. Nev alikuwa amewakata chini ya nyayo, mmoja mmoja, akabaki na kilicho chake na kurudisha kisicho chake. Rangi haikukwaruzwa. Wachache tu walipoteza ncha za viatu.

"Kuna barua?" Clive aliuliza.

"Hamna." Glenys alimgeuza kibeti mmoja akamtazama chini. "Ametumia koleo lile dogo la kukatia nyaya. Itakuwa imemchukua siku nzima."

"Najua."

"Angeweza kuwakanyaga kwa buti, akamaliza kwa dakika moja."

"Najua, Glenys. Ndiyo maana yake."

Aliufunga mfuko kama ulivyokuwa, akauweka kwenye kabati la chini ya ngazi, nyuma ya mashine ya kufagia zulia. Rangi zake zilikauka ndani ya chupa. Mgomo ulikwisha baada ya mwaka, wagomaji wakarudi kazini kwa kushindwa, na Nev akaomba uhamisho kwenda mgodi mwingine. Nyumba hakuhama. Wanaume hao wawili waliendelea kuishi kijiji kimoja, mitaa mitatu katikati yao. Wakikutana kwenye foleni ya samaki na chipsi mmoja alitoka nje na kusubiri. Mara nyingi alikuwa Clive.

Mgodi wa Skelby ulifungwa mwaka 1993. Clive alitoka na saa ya ukutani na ugonjwa wa vidole. Mashine ya kutoboa mwamba ikimtetemesha mtu miaka mingi, mishipa ya vidole hufa polepole. Penye baridi vidole vyake hugeuka vyeupe kama mishumaa, na hata penye joto ncha zake hazina habari. Anaweza kushika kikombe cha chai ya moto bila kujua mpaka mkono wa juu umwambie.

Glenys alifariki mwaka 2006 kwa saratani. Miaka miwili baadaye mashine ya zulia iliharibika, Clive akaitoa kabatini, na nyuma yake akakuta mfuko wa mkate.

Mimi nilikuwa nimeshakaa Mansfield, mji wa jirani, miaka tisa wakati huo, na ndimi niliyekuwa na ufunguo wa ukumbi wa kanisa ambamo klabu yetu ya mchezo ule wa vinyago hucheza kila Jumamosi. Clive alikuja na ule mfuko, akaniuliza kama kuna mtu anayeweza kufundisha kupaka rangi.

Nilimtoa kibeti mmoja nikamtazama. "Huyu kapakwa na nani?"

"Na mimi. Lakini ni mimi wa zamani."

Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza mwenyewe upya, kwa macho badala ya vidole. Kwenye droo ya Glenys kulikuwa na vibanio vya sponji vya kukunjia nywele. Alivichomeka kwenye brashi zake mpaka mpini ukawa mnene kama gunzi la mahindi. Viwiko aliviegemeza mezani, mikono akaishikanisha, na brashi aliisogeza kwa pumzi zaidi kuliko kwa kidole. Kabla ya kuanza alishikilia kikombe cha chai dakika kumi ili damu ishuke. Kibeti mmoja zamani alimchukua Jumapili moja. Sasa alimchukua wiki mbili. Wale waliokatwa na Nev aliwatengenezea viatu vipya kwa udongo laini unaoganda, na wengine akawanunua mwenyewe, wa risasi na wa plastiki, wakaongezeka mwaka hadi mwaka.

Alipaka vibeti wake kinyume cha wengi wetu. Sisi tulitaka wang'ae: kofia za dhahabu, ndevu nyekundu. Yeye alianza na rangi nyeusi mwili mzima, kisha akapandisha mwanga kidogo kidogo. Nguo zilikuwa kahawia na kijivu. Ndevu alizimwagia rangi nyepesi kama maji ya chai ili iingie mifereji, kisha akapitisha brashi kavu juu juu. Uangalifu wake wote aliuweka usoni. Alichora mstari mweusi pembeni mwa jicho, kwa sababu mchimba makaa huoga mwili wote lakini kope hazitakati. Kwenye kipaji cha uso au kwenye kiganja cha kila mmoja aliweka nukta ya buluu, ndogo kuliko punda wa sisimizi, kama wasemavyo watani wa klabu, ambao hawajapata kumwona punda huyo.

Mwaka 2010 alijiunga nasi mwanamke mmoja aitwaye Dawn, mpishi wa shule, miaka thelathini na tano, mwenye jeshi la mifupa itembeayo na ulimi mkali. Ratiba ilimpanga na Clive. Mimi nilikuwa meza ya pili.

"Mifupa yako inahitaji uji," Clive akamwambia, akipanga safu.

"Na hao wazee wako wanahitaji kulala mapema. Tupa dadu." Kisha akainama karibu. "Hii ya buluu juu ya jicho ni nini?"

"Wote wanayo. Vumbi la makaa likiingia kwenye jeraha, ngozi hufunga juu yake. Haitoki."

"Najua. Baba yangu anayo hapa." Aligusa nyusi yake.

"Baba yako nani?"

"Nev Allsop."

Clive aliiweka rula chini. "Mimi ni Shacklock. Ukitaka kubadilisha meza, sitaona vibaya."

"Najua wewe nani, jina lako liko ubaoni. Nibadilishe meza nakushinda?"

Na kweli alimshinda. Wakati wa kufunga vinyago kwenye masanduku, akila mkate wake wa nyama ya nguruwe, Dawn alimuuliza bila kumtazama, "Kwa nini uliingia siku ile? Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tulikula supu ya msaada mwaka mzima."

Jibu la Clive kwa miaka yote lilikuwa habari ya kura. Nilimsikia akilianza, kisha akaliacha.

"Siku ya kwanza niliingia kwa sababu jirani zangu waliingia," alisema. "Siku ya pili niliingia kwa sababu niliingia siku ya kwanza. Baada ya hapo ikawa ni kazi tu."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Nimetafuta sababu kubwa kuliko hiyo, sijaiona."

Dawn alimaliza mkate, akafuta vidole. "Afadhali umesema hivyo," akasema. "Ungeniletea ya kura ningekurushia chai."

Miaka miwili walicheza namna hiyo, na habari za Nev hazikutajwa. Kisha Dawn akavunjika kifundo cha mguu kwenye ngazi za shule, asiweze kuendesha gari, na baba yake akamleta. Tulimsikia kabla ya kumwona, maana mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi na kila hatua nne alisimama kuvuta pumzi. Alimsaidia binti yake kukaa. Clive alikuwa upande wa pili wa meza, na jeshi lake lote limeshapangwa, vibeti mia moja na tisini.

Nev aliweka mikono nyuma. Akainama, akatazama safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Meza nyingine watu waliacha kutupa dadu, kwa kuwa Mansfield ni mji mdogo na habari ile ilikuwa inajulikana.

"Nani kafanya vitako?" Nev akauliza, kama anauliza meza.

"Mimi," Clive akasema.

"Mchanga gani huu?"

"Wa kizimba cha kasuku."

"Unaonekana. Wako chini ya mlima hawa au wako ufukweni?"

"Makaa ya unga nitayatoa wapi siku hizi?"

"Kilima cha taka kipo. Wamepanda miti juu, lakini chimba futi moja utayakuta." Alivuta pumzi. "Uyachekeche kwa soksi ya nailoni. Chekecheo la jikoni halifai, linapitisha mawe."

"Glenys alifariki, Nev."

"Nilisikia. Pole."

Halafu Nev akaenda kumngojea binti yake ndani ya gari. Ilikuwa miaka ishirini na minane tangu lile lango. Clive alicheza vibaya siku hiyo, akasahau zamu yake mara mbili, na Dawn hakumtania.

Wiki iliyofuata Clive alinipigia simu nimpeleke sokoni, gari lake likiwa karakana. Kwenye kibanda cha nguo za ndani muuzaji alikuwa mama wa makamo, mchangamfu.

"Saizi gani, bata wangu?"

"Yoyote."

"Mkeo mrefu au mfupi?"

"Si za mke."

"Aa." Mama akamtazama juu mpaka chini, futi sita na ule mgongo. "Basi chukua kubwa kabisa, hizo ndogo zitakubana mapajani."

"Ni za kuchekechea makaa," Clive akasema, na alisema kwa uzito kiasi kwamba mama yule alimfungia jozi tatu bila neno zaidi. Mimi nilikuwa nimeshageukia kibanda cha mboga.

Alichimba kule kilimani kwa koleo la bustani, kati ya mizizi ya miti iliyopandwa na halmashauri, akarudi na ndoo mbili. Msimu wote wa baridi alivunja vitako na kuviunda upya. Alibandua kila kibeti kwa kisu, akakwangua mchanga wa kasuku, akapaka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, akamwaga unga mweusi, akagonga uliozidi, akaacha ukauke siku mbili. Kisha rangi nyeusi, kisha kijivu kwa brashi kavu, kisha vipande vya mwamba mwembamba kwenye pembe. Vitako vilikuwa kazi ngumu kwake kuliko nyuso. Uso anauona, lakini kugonga kitako kwa kiasi ni kazi ya vidole, na vidole havikuwa na jibu. Alivikwangua vingi, akavianza upya.

Mwezi wa tatu alimaliza wote. Mguu wa Dawn ulikuwa umepona, na Nev alikuwa haji tena. Clive alimchagua kibeti mmoja, mpiga tarumbeta, akamfunga kwenye pamba ndani ya kisanduku cha kiberiti.

"Mwonyeshe baba yako," akamwambia Dawn. "Kisha unirudishie, huyu anahitajika mstari wa mbele."

Jumamosi iliyofuata Dawn alirudisha kisanduku.

"Alisemaje?"

"Alitafuta miwani. Akamtazama kama robo saa, mama akamwita kula hakuitika. Njegere zake zikapoa."

"Alisemaje, Dawn?"

"Alisema gundi imezidi."

Clive alimtoa mpiga tarumbeta, akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha, akamzungusha. "Upande wa kushoto," akasema. "Hapo amesema kweli." Akampanga mahali pake.

Watu wa klabu walitegemea kwamba baada ya hapo watapatana. Mmoja alisema tumwalike Nev kwenye chakula cha Krismasi. Clive hakukataa wala hakukubali, na mwaliko ukapelekwa, na Nev akajibu kwamba kifua hakimruhusu. Hawakutembeleana. Dukani walianza kuamkiana kwa kichwa. Mara moja, Dawn ndiye aliyenieleza, walisimama pamoja mlangoni mwa duka la dawa, mvua ikinyesha, wakazungumza juu ya bei ya madirisha mapya. Mvua ilipokatika kila mmoja akashika njia yake.

Nev alifariki mwaka 2017. Mapafu. Siku ya mazishi niliwapeleka watu watatu wa klabu kwa gari langu, kwa ajili ya Dawn, na tulipofika kanisani Skelby tulimkuta Clive kwenye geti, ndani ya suti aliyozikia mkewe. Alikuwa hapo tangu saa nne, alisema. Hakuwa ameingia. Ndani walikuwa wamekaa wale wa hamsini waliobaki, wazee kumi na wawili au kumi na watatu, kila mmoja na beji yake ya mgomo kifuani.

Gari la jeneza likaja. Dawn alishuka kwenye gari la nyuma yake, akamwendea.

"Unaingia?"

"Sijui kama inafaa. Alisema chochote?"

"Hakusema uje, wala hakusema usije. Unamjua."

"Na hao wa ndani?"

"Hao watafanya watakavyo." Aliangalia nyuma. "Ila amua, Clive, umesimama mbele ya gari."

Aliingia, akakaa benchi la mwisho, pembeni. Kwenye benchi hilo walikuwepo wazee watatu wenye beji. Wa kwanza aliinuka akaenda kukaa mbele. Wa pili alitoka nje kabisa, akabaki huko mpaka ibada ikaisha. Wa tatu hakusogea na hakugeuka. Wimbo ulipoanza Clive aliimba maneno yote, kwa sauti ya chini, bila kitabu. Jeneza lilipotoka alisimama. Chai iliandaliwa kwenye jumba la wachimbaji, na hakuenda; alitembea kurudi nyumbani kwa njia ya juu, maili moja na nusu.

Jumamosi alikuja klabuni kama kawaida. Dawn hakuwepo, nami nikacheza naye.

"Mazishi yalikuwaje?" nilimuuliza, ingawa nami nilikuwepo. Nilitaka kusikia yeye aliyaonaje.

"Watu wengi," alisema. "Waliimba vizuri."

Dawn alirudi mwezi wa tatu. Wanacheza bado. Mikono ya Clive imezidi kuwa mibaya, na tangu mwaka jana hapaki nyuso tena. Ananunua vinyago vilivyokwisha kupakwa na watu wengine, anaweka ile nukta ya buluu, na anavitengenezea vitako mwenyewe. Kwa hesabu ya Dawn, amemshinda Clive mara thelathini na moja. Clive anasema ishirini na tisa.